Mpendwa Gani?

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Gobi ya Kusini, kwa wafugaji wa ngamia na wa mbuzi, kwa madereva, wapishi, askari wa hifadhi na tai wote wala mifupa, ya kwamba Bibi Enebish, mwongoza watalii mwenye beji ya plastiki na cheti chenye mhuri, ndiye mtu mwoga kuliko wote waliowahi kukabidhiwa wageni waonyeshwe njia. Cheo hicho amekishikilia miaka kumi na tisa bila mpinzani. Na angetokea mpinzani, Enebish angejitoa mapema, maana uchaguzi nao anauogopa.

Anamwogopa mbwa wa mbinguni, yule mla kondoo wa usiku ambaye wageni humtaja kwa jina lake la wazi kana kwamba ni jirani yao wa ghorofa ya pili. Anaogopa mluzi, kwa sababu mluzi huita upepo, na upepo wa Gobi ukiitwa hauji peke yake. Anaogopa kukanyaga kizingiti, kumwaga maziwa, lifti ya hoteli ya mjini, daktari wa meno, na mgeni yeyote anayeanza sentensi kwa "kwa nini". Kuliko vyote anaogopa maji. Hilo huwachekesha wageni, kwa kuwa wamesafiri siku mbili kufika mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ingeweza kuingia kwenye birika na bado ukabaki na nafasi ya majani ya chai.

Hofu yake ilimtangulia kuzaliwa. Mama yake alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa tatu alipotoka akiwa mzima na analia kwa nguvu, wakampa jina la Enebish, yaani Siyo Huyu, ili kile kinachokuja kuchukua watoto kikiingia hemani na kuuliza, kijibiwe bila kigugumizi: siyo huyu. Ujanja ukafaulu, kikaenda zake. Lakini mtoto aliyelelewa na jina la namna hiyo anajua tangu akiwa kwenye nepi za sufu kwamba kuna kitu kilimtafuta, kikadanganywa, na huenda bado kinakumbuka njia.

Halafu kuna habari ya mlima.

Kwao, kila mlima unaoheshimiwa una majina mawili. La kwanza liko kwenye ramani. La pili ni Mpendwa, na hilo ndilo unalotumia ukiwa unauona mlima, au ukiwa mahali ambapo mlima unaweza kukuona wewe, kama vile usivyomwita baba mkwe wako kwa jina lake akiwa amekaa mbele yako anakunywa chai. Enebish alipokuwa na miaka tisa, binamu yake Samdan alimwambia hana ubavu wa kulitaja lile la kwanza. Akalitaja. Alisimama nje ya hema, akautazama mlima usoni, akatoa silabi zote tano. Hakikutokea kitu. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Alasiri, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, korongo kavu lililokuwa nyuma ya hema lao likaja na maji. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu kusikoonekana. Maji yalichukua mbuzi arobaini na farasi wa kaka yake, ambaye alikuwa amefungwa. Mbuzi Enebish alishawasahau. Anachokumbuka ni kamba ya yule farasi: ilikaza mpaka ikalia, kisha ikalegea. Jioni mama yake akawauliza watoto, bila kupandisha sauti, "Leo nani kasema nini?" Samdan akatazama viatu vyake. Enebish akanyamaza. Mpaka mwaka ninaousimulia alikuwa amenyamaza miaka thelathini na minane.

Mtu wa namna hii, utasema, kwa nini ampeleke mgeni milimani? Kwa sababu alijua Kiingereza. Mwalimu wake wa shule ya bweni alikuwa mkali, naye kwa kumwogopa alikariri kitabu kizima, pamoja na namba za kurasa. Na ukweli usiopendeza ni kwamba alikuwa bora kuliko waongozaji mashujaa. Hao walikuwa na hadithi nzuri, na wageni waliovunjika miguu. Enebish hakuwahi kupoteza mgeni, kwa sababu hakuwahi kumpeleka mgeni mahali ambapo mtu anaweza kupotea. Wenzake waliiita ziara yake "kumtembeza bibi chooni". Karatasi ya kampuni iliiita Ziara Fupi: Jangwa na Mlima kwa Saa Tatu, Chakula Kimo.

Basi, mwezi wa saba, asubuhi ya saa nne, gari la Kirusi lenye umbo la mkate wa boflo lilisimama mbele ya korongo. Walishuka wageni wawili kutoka Denmark, ndugu wa tumbo moja. Henrik alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, mrefu, mwenye ramani shingoni kama kengele ya ng'ombe. Dada yake Margrethe alikuwa mfupi, mcheshi, na ndani ya goti lake la kulia kulikuwa na chuma alichowekewa hospitalini. Dereva alikuwa Magsar, mzee wa miaka sitini na moja mwenye jino la dhahabu, aliyeamini kwamba gari likizimika dawa yake ni kulitukana kwanza.

Mbele yao, juu ya mchanga na changarawe, ilisimama milima mitatu iliyobanana mabega. Korongo liliingia katikati, ndani likagawanyika mikono mitatu, na kila mkono ulitokea nyuma ya mlima wake.

"Mlima ule unaitwaje?" Henrik akauliza, kidole kimenyooka.

Enebish akakirudisha kile kidole chini kama anayeshusha bunduki. "Kiganja chote, Bwana Henrik. Kiganja juu. Kidole kimoja ni matusi."

"Sawa. Unaitwaje?"

"Mpendwa."

"Na ule wa katikati?"

"Mpendwa."

"Na ule wa mwisho?"

Enebish aliona aibu kidogo. "Mpendwa."

"Nchi yenye mapenzi hii," Margrethe akasema.

Lakini Henrik alikuwa amepima ardhi miaka arobaini, na haikuwahi kutokea milima mitatu ikamdanganya majina. Akafungua ramani, akaweka miwani, akasoma kwa sauti jina la mlima wa magharibi, uleule wa utotoni mwa Enebish. Enebish alishika kifua. Akautazama mlima, mlima haukutikisika. Akasikiliza tena kichwani jinsi Henrik alivyolitamka, akapumua. Jina lilikuwa limetoka kama mtu anayesukutua koo kwa maji ya chumvi. Hata mama wa mlima asingemtambua mwanawe kwa mwito ule.

"Usirudie tena, tafadhali," akasema.

"Kwa nini?"

Ndiyo hiyo sentensi. Akajifanya anakaza kamba za viatu.

Siku zote Enebish alipita mkono wa katikati. Asubuhi hiyo, Magsar akiwa bado kituo cha mafuta, Henrik alikuwa ameomba aone kiota cha tai mla mifupa, na kiota kilicho karibu kuliko vyote kiko mkono wa magharibi. Mkono ule ni mfupi zaidi, kwa hiyo Enebish alikubali. Alipenda kila kitu kilichokuwa kifupi zaidi. Sasa akamgeukia dereva. Milima yote mitatu inamtazama.

"Kaka Magsar, leo tunatokea nyuma ya Mpendwa. Utusubiri huko saa saba."

"Nyuma ya Mpendwa, saa saba," Magsar akasema. "Khuushuur zitakuwa za moto, mdogo wangu. Ukichelewa nakula zako, na hizo za wazee."

Alikuwa anazungumzia sambusa bapa za nyama ya kondoo zilizofungwa kwenye blanketi kiti cha nyuma. Akalitukana gari, likawaka, akaenda zake. Hakuna aliyeona kasoro. Watu wawili wenye adabu walikuwa wameagana kwa adabu.

Ndani ya korongo kulikuwa na baridi ya pishi. Barafu ya majira ya baridi, nyeusi kwa vumbi, ilikuwa bado imejibanza kwenye vivuli, na kijito cha kufika kwenye kifundo cha mguu kilipita katikati kikinong'ona. Henrik alipiga picha kiota. Margrethe alipiga picha Henrik. Enebish alitazama maji. Wageni hudhani mwongozaji anayetazama chini anatafuta maua adimu. Enebish alikuwa anatazama rangi tu.

Maji yalikuwa angavu.

Walipita pahali penye upana wa mikono miwili ya mtu. Kuta zilipanda zikaiacha mbingu kama utepe. Utepe ulikuwa wa buluu safi.

Halafu maji yakawa rangi ya chai isiyo na maziwa. Enebish akasimama. Kikapita kipande cha kinyesi kikavu cha ngamia, kinazunguka kwa raha zake. Halafu maji yakawa rangi ya chai yenye maziwa, na hewa ikanuka udongo uliolowa, harufu ambayo watu wengine wanaipenda. Wale wanyama wadogo wa mawe, panya wenye masikio ya sungura waliokuwa wakilia asubuhi nzima, wote walikuwa wamenyamaza.

"Pandeni juu," Enebish akasema.

"Nini?"

"Pandeni! Pale kwenye mwamba! Juu!"

"Lakini mbingu ni safi kabisa," Henrik akasema, na akaionyesha, kwa kiganja chote, mwanafunzi mzuri.

"Panda, mzee! Utauliza ukiwa juu!"

Hakuwahi kumwita mgeni "mzee" kabla ya hapo, wala kumsukuma matakoni. Siku hiyo alifanya yote mawili. Henrik alipanda, akamvuta dada yake kwa kwapa. Enebish akawa nyuma akilibeba lile goti la chuma kwa mabega yake, mpaka wote watatu wakafika kwenye kibaraza cha mwamba chenye upana wa kitanda cha mtu mmoja, juu ya kimo cha mtu aliyesimama juu ya farasi. Kutoka hapo kwenda juu ukuta ulikuwa laini kama sahani, mita kumi na mbili. Hapakuwa na pa kushika hata kwa mbuzi.

Sauti ikaja kwanza, kama malori matupu yanayoshuka barabara mbovu. Kisha yakaja matawi, kisha mzoga wa mbuzi mwitu, pembe juu, kisha pande la barafu kubwa kama friji likigonga ukuta huku na huku. Maji yalikuja mwisho, na hayakufanana na maji. Yalikuwa mazito na ya rangi ya ng'ombe, na yalikuwa na mgongo. Margrethe akasema kitu kwa lugha yake. Enebish hakukijua, lakini alikielewa.

Simu haishiki huko hata ukiipandisha juu ya ngamia. Enebish alitoa redio koli mfukoni. Taa yake ilikuwa nyekundu, na kila baada ya muda ilitoa mlio mdogo wa kuaga.

"Kaka Magsar! Kaka Magsar, unanisikia?"

"Nakusikia, mdogo wangu. Mko wapi? Khuushuur zinapoa."

"Korongo limekuja! Tuko juu ya mwamba, maji yako chini yetu! Leta kamba ya kuvutia gari, uje ukingoni juu, utushushie!"

"Mama yangu! Wageni wazima?"

"Wazima! Njoo!"

"Nakuja. Mko wapi?"

"Nyuma ya Mpendwa!"

"Mimi ndiye niliye nyuma ya Mpendwa. Siwaoni."

Hapo Enebish akaelewa.

"Mpendwa gani wewe, kaka?"

"Mpendwa! Huyu hapa, ananitazama. Na wewe Mpendwa gani?"

"Mpendwa mwingine."

"Wako wawili wengine! Yupi?"

"Yule mkubwa."

"Wote wakubwa, mdogo wangu! Unataka wanisikie nikisema kuna aliye mdogo?"

"Mwenye kiota cha tai."

"Kila mmoja ana kiota cha tai!"

Maji yalikuwa yamepanda urefu wa mkono. Enebish alikuwa amegandamana na ukuta akitazama yanakotokea, yaani kaskazini, na mlima wake ulikuwa upande wa mkono wake wa kushoto. Basi akapaza sauti, "Wa kushoto! Mkono wa kushoto!"

"Wa kushoto, nimekupata. Nakuja!" Na gari likasikika likitukanwa.

Margrethe akatabasamu. Henrik akapiga makofi. Enebish naye karibu atabasamu, kisha akakumbuka. Katika lugha yao kushoto na mashariki ni neno moja, kwa kuwa mtu mwenye adabu husimama akitazama kusini, na hapo kushoto kwake ndiko jua linakochomoza. Kulia na magharibi nalo ni neno moja. Magsar, mtu mwenye adabu, alikuwa anakimbilia mashariki kwa kasi yote ya gari bovu, na kila tairi lilivyozunguka lilizidi kuwaacha.

"Simama! Kaka, simama! Siyo kushoto! Ni kulia!"

"Umesema kushoto."

"Kushoto kwangu! Ni kulia!"

"Kulia kwangu au kulia kwako? Dada, amua, kuna mtaro hapa mbele, nikiuvuka sirudi leo!"

Redio ikalia. Henrik, aliyekuwa amekisia tatizo, akafungua ramani yake na kuisogelea redio. Akasoma namba za latitudo na longitudo, hadi sekunde, kwa utulivu wa mtu anayesoma orodha ya vitabu.

"Huyo anataka kunipigia simu?" Magsar akauliza.

"Ni ramani," Enebish akasema.

"Mwambie mimi sina ramani. Mimi nina macho."

Henrik hakukata tamaa. Akaisogeza miwani, akavuta pumzi, akalitaja jina la mlima kwa sauti kubwa, mara mbili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

"Nani anatapika hapo?" Magsar akasema. "Mpeni maji."

Maji yalikuwa hapohapo. Yaligusa ukingo wa kibaraza, yakarudi, yakagusa tena, yakabaki. Barafu nyingine ikagonga chini yao na mwamba ukatikisika. Margrethe hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshika mkono wa joho la Enebish kwa ngumi, kama watoto wanavyoshika, na Enebish alisikia mtetemo wa mwili wake ukipita kwenye kitambaa.

Redio ikalia tena.

Alijua kinachotakiwa. Alijua tangu neno "gani" la kwanza. Kuna kitu kimoja tu ambacho Magsar asingekisikia vibaya, na Enebish alikuwa nacho mdomoni, kizima, kimelala pale miaka thelathini na minane. Alitazama juu. Kwenye ule utepe wa mbingu, kilele kilikuwa kimeinama kidogo, kinamwona vizuri. Alifikiria: nikilitaja, maji yatazidi. Yalizidi mara ile, bila hata wingu. Nisipolitaja, Magsar atavuka mtaro. Akaona kamba ya farasi ikikaza. Akawaza labda angojee kidogo, labda maji yatashuka yenyewe, labda Magsar atatumia akili. Wimbi dogo likapanda likamlowesha Margrethe hadi magotini, lile lenye chuma na lile lisilo nacho, naye akateleza nusu hatua.

Enebish akabonyeza redio na kulitaja.

Alilitaja lote, silabi zote tano, kwa matamshi ya mtu aliyezaliwa chini yake, pasipo kumeza herufi hata moja. Halikutoka kama matapishi. Lilitoka likagonga ukuta wa pili wa korongo, na ukuta, ambao haukulelewa na mtu, ukalirudia.

Redioni gari likasikika likifunga breki.

"Unamwona?" Magsar akauliza, sauti imeshuka kama ya mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Namwona."

"Na umesema."

"Nimesema."

"Mama yangu wee." "Dakika arobaini. Jishikilieni." Kisha taa nyekundu ikazimika.

Radi ilipiga huko juu, bado si moja kwa moja juu yao. Kokoto zikamwagika kutoka ukingoni, na nyuma yake jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, likapita mbele ya pua ya Henrik na kumezwa na maji.

Enebish alifungua mshipi wa joho lake, mita nne za hariri ya rangi ya chungwa, na kuwafunga wote watatu kiunoni. Henrik akakagua mafundo, akafungua moja na kulifunga upya, ufundi haustaafu. Maji yakawafika kwenye vifundo, yakapanda kwenye mashavu ya miguu. Yalikuwa ya barafu, na ndani yake vitu vilikuwa vikiwagonga miguu ambavyo hakuna aliyetaka kujua ni nini. Kila yalipopanda upana wa kidole, Enebish alihesabu kidole hicho kuwa ni chake, amekileta yeye kwa mdomo wake.

Akageuka, akaweka paji la uso kwenye mwamba, na kusema kwa kunong'ona, haraka haraka, kama anayekiri kwa polisi, "Nisamehe. Sikuwa na njia. Na ile ya mwanzo ilikuwa ni mimi pia. Samdan alinichokoza, lakini mdomo ulikuwa wangu. Wale mbuzi, na yule farasi. Kama ni deni, wageni hawa hawamo. Hawa hata kukutaja hawawezi."

Margrethe alidhani anasali, naye akaanza kusali. Henrik hakuwa na dini, akahesabu dakika.

Ilikuwa dakika ya arobaini na nne pale kitu kilipompiga Enebish begani. Akapiga ukelele ambao, Magsar anasema, ulisikika hadi mpakani. Ilikuwa kamba.

"Nani wa kwanza?" Magsar akapaza sauti kutoka ukingoni, jino la dhahabu likimeta juu ya shimo. "Na msiniambie hamna uzito, nyinyi mliokula chai nzima ya asubuhi!"

Margrethe akaenda wa kwanza, gari likimvuta taratibu, akizunguka hewani kama ndoo ya kisima. Kisha Henrik na ramani yake. Kwa dakika sita Enebish alibaki peke yake kwenye kibaraza, ule mshipi wa hariri umemning'inia kiunoni haujafungwa kwa mtu, maji yako magotini, mlima uko juu. Hakulia. Alikuwa anaogopa hata kulia, isije ikahesabiwa kuwa ni maji zaidi. Kamba iliporudi alijifunga mara tatu. Ilipokaza ikalia, akafumba macho akingoja ilegee.

Haikulegea.

Juu, Magsar alimfunika blanketi lililokuwa limefunika chakula, kwa hiyo Enebish alinukia kondoo mpaka jioni. Hakumtazama usoni. "Maji yalipanda baada ya kusema?" akauliza huku akikunja kamba.

"Yalipanda."

"Kiasi gani?"

"Mpaka magotini."

Magsar akafikiri. "Yangepanda vilevile," akasema, lakini hakulisema kwa nguvu, na njia nzima ya kurudi aliendesha bila kulitukana gari hata mara moja. Hilo lilimtisha Enebish kuliko radi.

Usiku ule hakulala. Alisikiliza kama kuna maji. Asubuhi akachemsha maziwa mapya, akajaza chupa, akavaa joho safi, akamwambia Magsar ampeleke kwenye rundo la mawe la matambiko, lenye vitambaa vya buluu, chini ya mlima wa magharibi. Henrik alikuwa amesimama mlangoni pa hema lake la wageni, ameshanyoa, kofia mkononi. Naye alitaka kwenda.

Mtu aliyetolewa kwenye maji kwa kamba huwa na haki ya kupungukiwa akili kidogo, lakini Henrik alizidisha. Alikuwa ameikunja ramani na kuificha kwenye sanduku kana kwamba ina picha za aibu. Alinong'ona tangu alipopanda gari. Milima yote mitatu aliisalimia Mpendwa, kwa kiganja, kisha akamwita ngamia aliyekuwa kando ya njia Mpendwa, na walipofika akamwambia Magsar, "Asante, Mpendwa."

"Huyu wamemrudisha mzima kweli?" Magsar akamuuliza Enebish.

Enebish alishuka, akalizunguka rundo la mawe mara tatu kufuata jua, akaongeza jiwe, akarusha maziwa angani kwa kijiko cha mti, upande huu na upande ule. Matone yakaanguka kwenye changarawe, changarawe ikayanywa. Kisha akasimama mbele ya mlima, mikono imening'inia, kichwa kimeinama, akangoja. Hakujua anangoja nini. Jiwe, pengine. Wingu. Jua lilipanda. Upepo ulipita, ukagusa vitambaa, ukaenda zake. Korongo lilikuwa kimya, limebaki tope linalokauka na kupasuka. Akaendelea kusimama. Magsar alizima redio ya gari.

Hatimaye akafunga chupa ya maziwa, akaifuta mdomo kwa kiganja, na kurudi akitembea polepole. Henrik alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, kofia kifuani, macho yamejaa machozi. Akaukamata mkono wake.

"Enebish," akanong'ona, "amekuambia nini?"

"Milima haiongei, Bwana Henrik. Inasikia tu."